Tumbo Lililoteleza

Mtajie mtu yeyote wa Bunia yule mama mwenye jembe, ataanza kucheka kabla hujamaliza kusema. Filamu yenyewe wengi wameshaisahau. Hawakumbuki hata yule kijana aliyempa binti mimba, ingawa mwigizaji wake alikuwa na mvi kidevuni na kila siku walimnyoa mara mbili ili afanane na mwanafunzi. Wanachokumbuka ni kipande kimoja. Binti mwenye mimba kubwa anajitupa chini, tumbo linamteleza ubavuni mpaka mgongoni, na mama mkwe anaachia jembe, anakaa kitako mchangani, miguu mbele, mdomo wazi. Katika vibanda vya video watu walikuwa wanashika mbavu na kumwomba mwenye mashine arudishe nyuma.

Na kila kibanda kina mjuzi wake. Huyu atakwambia walifanya mazoezi juma zima. Yule ataapa kwamba tumbo lilivutwa na uzi, na kwamba aliuona uzi wenyewe. Waongo wote. Hakukuwa na uzi, hakukuwa na mazoezi, na yule mama hakuwa mwigizaji. Alikuwa mwenye nyumba tu, na siku ile alitoka na jembe lake kwa sababu alitaka kuchimba kweli.

Jina lake Vahwere. Alikuwa amekuja Bunia zamani kutoka Butembo, akauza chumvi, sabuni na mafuta ya mawese mpaka akajenga. Vita ilipoingia mjini Mei ile ya mwaka 2003, alikimbia kwa miguu na wenzake kuelekea Beni. Mtoto wake wa pekee, Ephraïm, kijana wa kuota ndevu za kwanza, alikataa kuondoka. Alisema mtu akiacha nyumba wazi anakuwa amewapa waporaji ufunguo. Mama alimsihi, akamgombeza, mwisho akamwacha. Aliporudi miezi baadaye, Ephraïm hakuwepo.

Nyumba ilikuwa imekombwa. Mlango wa mbele, sufuria, redio, vyote vimeondoka. Walichukua hata albamu ya picha, na mpaka leo Vahwere huuliza mtu anapora picha za watoto wa wenzake anazipeleka wapi. Walichoacha ni jembe lililovunjika mpini, godoro la Ephraïm lililokuwa limeloa, na mlango wa jiko, kwa sababu mlango ule ulikuwa umepinda na ulikuwa haufunguki mpaka uuinue kwa mguu kwanza. Kitenge chake cha maua ya buluu alichokiacha kwenye kamba nacho kilikuwa hakipo. Kwa kitenge hicho alimshuku jirani yake Régine, na kila Régine alipovaa kitu cha buluu alimpiga jicho.

Juu ya Ephraïm, dereva mmoja wa lori alimwambia alimwona mbali, katika mji wa Niania, anapakia mizigo, amekonda lakini mzima. Vahwere aliyashika maneno hayo asiyaachie. Alianika lile godoro, akalishonea foronya mpya, akaliweka mahali pake. Watu walipompa pole alikasirika. "Pole ya nini?" aliwauliza. "Mutoto yangu iko Niania."

Basi huyo ndiye mama aliyefuatwa na Théodore mwaka 2004, vita imetulia bila kuisha, askari wa kofia za buluu wanazunguka na magari yao meupe, na usiku risasi bado zinalia huku na huku. Théodore alikuwa mwalimu aliyeipenda kamera kuliko ubao. Shirika moja lilikuwa limempa kamera na mikanda atengeneze mchezo wa kuchekesha kuhusu wasichana wa shule wanaopata mimba, ili watu wacheke na wajifunze palepale. Alihitaji uwanja wa nyumba, parseli kama wasemavyo Bunia, wa kupigia picha.

"Mama, siye tunatafuta parseli ya kuchezea filme," alisema. "Yako iko muzuri sana."

"Juu ya nini yangu?" Vahwere aliuliza, akitaka sababu.

"Iko kubwa."

"Ya Régine iko kubwa kupita yangu."

Théodore alijikuna shingo. Kisha akageuka, kidogo tu, akamtazama msichana aliyekuwa amesimama langoni pamoja na waigizaji wengine. Msichana yule alikuwa anatazama chini. Vahwere aliliona jicho hilo likienda na kurudi, na moyoni akasema, haa, hapa kuna jambo.

Tusimlaumu. Bunia ya siku zile nani hakushuku? Mgeni akiomba maji aliulizwa kwanza amelala wapi jana. Ukimwona mtu amevaa shati jipya ulijiuliza amelivua kwa nani. Vahwere angeweza kuwafukuza, lakini aliona heri wafanye ujanja wao mbele ya macho yake kuliko nyuma ya mgongo wake. Akakubali, akaweka kiti chake cha mbao barazani, akakaa.

Msichana yule aliitwa Ketsia. Watu wake walikuwa wakulima wa upande wa Djugu, walioshukiwa mjini tangu vita, na yeye alikuwa anaishi katika kambi ya wakimbizi karibu na uwanja wa ndege, bila baba wala mama. Ndiye aliyecheza mwenye mimba. Matumbo yake yalikuwa matatu. Kwanza walijaribu beseni, likalia kama ngoma alipojigonga mezani. Wakajaribu mpira wa miguu, ukampanda mpaka shingoni. Mwishowe wakashona vifuko vitatu vya pamba, kimoja kidogo, kimoja cha wastani na kimoja kikubwa, vyenye mikanda ya kitenge ya kufungia mgongoni. Na kwa kuwa Théodore alipiga vipande bila kufuata mpangilio wa hadithi, kulingana na nani amekuja na jua liko wapi, Ketsia alikuwa na mimba ya miezi minane Jumatatu, ya miezi mitatu Jumanne, na Alhamisi hana kitu, anaruka kamba.

Kartye nzima, mtaa wote, ilichanganyikiwa. Bibi mmoja alikuja kutoa rambirambi, akidhani mimba imeharibika. Régine aliinamia ukuta akanong'ona, "Mama Vahwere, mimba ya ule mutoto inapandaka na kushuka. Ile si kintu ya bure."

"Ni pamba," Vahwere alijibu.

"Weye uliigusa?"

Hakuwa ameigusa. Swali hilo lilimwingia kama mwiba, kwa sababu asubuhi ileile alikuwa ameona kitu kilichomkosesha raha.

Waigizaji walikuwa wanataka maji ya kunywa. Ketsia akasema atachota jikoni, akaenda peke yake. Vahwere alikuwa anangoja amwone akihangaika na mlango, maana wageni wote huhangaika nao. Wanausukuma, wanauvuta, mwisho wanaita. Ketsia hakusukuma wala hakuvuta. Aliingiza ncha ya mguu chini ya ubao, akauinua kidogo, akausogeza kwa bega, akaingia. Alifanya vile bila kuwaza, kama mtu aliyeufungua mlango ule mara nyingi.

Vahwere damu ilimchemka. Hakuna aliyefundishwa mlango ule isipokuwa yeye na Ephraïm. Kwa hiyo binti huyu aliwahi kuingia ndani mwake, na aliingia lini kama si wakati wa uporaji? Jioni nzima alimwona akilini na kaka zake, kama anao, wamebeba redio, wamebeba sufuria. Ndiyo maana jicho la Théodore lilimwendea yeye langoni. Ndiye aliyewaleta hapa.

Lakini moyo wa mzazi nao una vituko vyake. Kabla hajalala wazo jingine lilimjia, tamu mpaka likamwogopesha. Labda ni Ephraïm aliyemfundisha. Labda mama akiwa sokoni, kijana alikuwa anamleta msichana kisirisiri, kama vijana wote. Na kama bado wanaonana, maana malori ya Niania huenda na kurudi, nani alisema tumbo ni la pamba? Théodore? Watu huficha mimba kwa kila namna. Kuificha ndani ya mimba ya sinema, nani angeshuku?

Kesho yake alijitolea kumsaidia Ketsia kufunga tumbo kubwa. Aliingia naye chumbani, akazungusha mkanda, kisha akatia mkono wote chini ya kifuko, kwenye mwili wa binti. Tumbo lilikuwa bapa, la mtu anayekula mara moja kwa siku. Ketsia alishtuka, akamtazama usoni, na midomo yake ikafunguka kama anayetaka kusema neno. Vahwere akaukaza mkanda mpaka binti akaguna.

"Simama muzuri," alimwambia, akatoka.

Alijionea haya, na haya ile ikageuka hasira. Usiku mmoja tu alikuwa ameshampa mjukuu jina. Sasa alirudi kwenye lile wazo la kwanza, tena kwa nguvu.

Ndipo akaona jambo la pili. Upande wa ukuta wa nyuma palikuwa na sehemu tambarare ambapo Vahwere alitandaza turubai lake na kuanika mihogo. Waigizaji wote walipita pale bila kujali, wakaruka turubai, wengine wakalikanyaga wakagombezwa. Ketsia hakupita hata mara moja. Alizunguka. Hata alipokuwa anakimbia mbele ya kamera, hata alipobeba ndoo ya maji inayomkata mikono, alizunguka mbali, na akifika usawa wa pale aliinamisha kichwa.

Hapo Vahwere akaamini ameelewa. Wakati wa vita kila mtu Bunia alizika vitu. Yeye mwenyewe kabla ya kukimbia alizika mzani na marobota mawili ya nguo chini ya majivu ya jiko, na alivikuta. Kama wenye nyumba walizika, waporaji je? Wangapi walikuta mizigo ni mizito, wakaificha kwenye uwanja wa watu wasiokuwepo, wakisema tutarudi? Sasa wamerudi. Hawawezi kuja na majembe, wamekuja na kamera. Siku moja watasema filamu inataka shimo, watachimba mbele ya macho yake, na yeye amewapa kiti na maji ya kunywa. Labda ni vyombo. Labda ni bunduki, na bunduki ikikutwa kwako, nani atakusikiliza?

"Batachimba," alimwambia Régine.

"Nani?"

"Utaona."

Siku ya kipande chenyewe walikuwa wanapiga mambo ya kupeleka binti. Desturi inajulikana: msichana akipata mimba, mashangazi wanamchukua na kifurushi chake, wanampeleka kwa kina kijana, wanamkalisha uwanjani, wanaondoka bila kugeuka nyuma. Mama wa kijana akikiokota kifurushi na kukiingiza ndani, amempokea. Akikiacha nje, basi na binti amebaki nje. Katika filamu mama alitakiwa kukataa, atoke na mwiko, amkimbize binti uwanja mzima huku anapiga kelele kwamba mwanawe hamjui. Aliyepewa nafasi hiyo, mama mmoja aitwaye Emérance, hakufika. Asubuhi risasi zilikuwa zimesikika upande wa kwake na barabara ilikuwa imefungwa.

Théodore akamwendea Vahwere barazani, mikono nyuma kama mwanafunzi.

"Mama, utusaidie. Weye fanya tu vile ungefanyaka kama bangekuletea mutoto ya batu."

"Niseme nini?"

"Kila kintu unataka. Jenereta ya jirani inalia, sauti haitasikika. Tutaweka miziki juu."

Vahwere alikubali upesi kuliko Théodore alivyotegemea.

Mashangazi wakamleta Ketsia, tumbo kubwa limefungwa, kifurushi mkononi. Théodore alitazama jua, akatazama kivuli, akaonyesha turubai. "Toeni mihogo. Ketsia, ikala pale. Mwangaza iko muzuri pale."

"Pale hapana," alisema Ketsia.

"Juu ya nini?"

"Hapana tu. Nitaikala apa."

"Apa kuna kivuli. Ketsia, batri inaisha."

Turubai lilikunjwa, udongo ukabaki wazi. Ketsia alikaa kando, palepale kwenye kivuli, kifurushi mapajani, akagoma kusogea. Théodore alikata tamaa, akaweka jicho kwenye kamera na kuinua mkono. Zamu ya mama.

Vahwere aliingia jikoni kuchukua mwiko. Mwiko ulikuwa juu ya meza. Jembe, lililokwisha kutiwa mpini mpya, lilikuwa nyuma ya mlango. Alilitazama jembe, akasema moyoni, leo tunamaliza.

Alipotokea na jembe begani Théodore alifurahi sana, akidhani mama amebuni kitu bora kuliko chake. Vahwere hakumkimbiza mtu. Alimpita Ketsia bila kumtazama, akaenda moja kwa moja mpaka pale penye udongo mtupu, akatema mate mikononi.

"Mulificha nini apa?" alisema. "Mutaniambia leo. Mulificha nini mu parseli yangu?"

Akainua jembe juu.

Hapo ndipo Ketsia alipojitupa. Alitoka kwenye kivuli kwa kishindo, akaanguka kifudifudi kati ya Vahwere na udongo, mikono ameitandaza kama anayefunika kitu. Mikanda ikakatika, tumbo likateleza ubavuni, likaenda kukaa mgongoni. Ukiitazama filamu vizuri utaona picha inatetemeka kidogo. Huyo ni Théodore anacheka nyuma ya kamera.

"Mama, usichimbe," Ketsia alisema, mdomo karibu na mchanga. "Usichimbe. Ephraïm iko apa."

Jembe lilianguka lenyewe. Vahwere akakaa kitako mchangani, miguu mbele, mdomo wazi. Ndivyo mnavyomwona. Baada ya hapo picha inakatika, kwa sababu Théodore aliona uso ule, akaacha kucheka, akazima kamera.

Ketsia alisema yote akiwa bado amelala pale. Siku ile ya vita alikuwa anakimbia, amepotezana na watu wake, na kijana mmoja akamfungulia lango. Hakumwuliza kabila wala mtaa. Alimficha jikoni, akamwonyesha jinsi ya kuinua mlango kwa mguu ili usilie. Walikaa pale mpaka maji yakaisha. Ephraïm akachukua kidumu akasema anaenda na kurudi. Risasi ilimpata hapo nje tu, akarudi kwa kujivuta mpaka uwanjani, na akafa kabla jua halijatua. Risasi ziliponyamaza kidogo, Ketsia alichimba kwa jembe mpaka mpini ukavunjika, akamalizia na mfuniko wa sufuria.

"Nilimufunika na kitenge," alisema. "Ilikuwa ku kamba."

"Ya namna gani?" Vahwere aliuliza. Ndilo neno la kwanza lililomtoka.

"Ya maua ya bluu."

Vahwere aligeuka akamtazama Régine aliyekuwa ameinama juu ya ukuta, kisha akatazama chini. Ile Niania aliyoishika mwaka mzima ilimtoka mikononi hapohapo, na kilio kikaja. Alilia mpaka mashangazi wa filamu, ambao hawakuwa mashangazi wa mtu, wakaja kumshika.

Alipoweza kusema alisema, "Juu ya nini haukuniambia? Ulikuwa unaniona kila siku."

"Nilifika ku mulango yako mara mingi, kabla ya filme. Niliogopa. Ungeniuliza nani alimuua."

Ilikuwa kweli. Siku zile aliyejua maiti iko wapi aliulizwa ameiweka nani. Angemwuliza, angewaita vijana wa mtaa, nao wangemwuliza kwa namna yao. Kwa hiyo binti alikaa kimya, mpaka aliposikia Théodore anatafuta uwanja, akamwonyesha huu, akitumaini kwamba akiingia kila siku atapata pa kuanzia. Siku ya kufungwa tumbo chumbani alikuwa karibu aseme. Vahwere aliukumbuka ule mkanda alioukaza.

Kifurushi kilikuwa kimebaki kivulini. Ndani yake kulikuwa na magazeti na matambara tu. Vahwere alisimama, akajipangusa, akaenda akakiokota, akakiingiza ndani na kukiweka juu ya godoro lenye foronya mpya. Kamera ilikuwa imezimwa, kwa hiyo hilo halimo. Ketsia hakurudi kambini tena.

Jioni Théodore alikuja na mkanda mkononi, amejaa aibu. "Mama, nitafuta. Unisamehe. Sikujua."

"Usifute," alisema Vahwere.

Théodore aliurudisha mkanda mfukoni. Aliweka muziki juu, na filamu ikatoka. Usiku wa kwanza kuonyeshwa kibandani, Vahwere alikwenda, akakaa mbele, Ketsia kushoto na Régine kulia. Kilipofika kile kipande, kibanda kizima kililipuka kwa kicheko, watu wanapigana mabega. Régine alisimama kwa hasira, anataka kuwanyamazisha. Vahwere akamvuta nguo, akamkalisha.

"Baache bacheke," alisema. "Picha zangu zote baliiba. Iyi moya tu njo imebakia, tuko ndani siye batatu, miye na Ketsia na Ephraïm."

Nyuma yao mtu alipaza sauti akimwomba mwenye mashine arudishe. Vahwere alikuwa wa kwanza kuitikia ndiyo.